Magari ya dhana ya Torino na swali la mzigo kutoka Kibuye

Mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, ambako nimeishi na kufanya kazi tangu nilipoondoka Kisumu, ni mahali ambapo gari linaweza kutengenezwa moja tu, likaonyeshwa kwa siku chache, na bado likazungumziwa miaka 50 baadaye. Magari ya namna hiyo huitwa magari ya dhana. Kwa kawaida hayauzwi, na mengi hayapewi hata nambari za usajili. Kazi yake ni kuuliza swali ambalo kiwanda bado hakijathubutu kulijibu kwa fedha nyingi. Ndugu zangu walioko nyumbani huona picha zake kwenye simu, kisha huniandikia wakitaka kujua kwa nini vitu hivyo vya ajabu havifiki barabarani, na kama kuna faida yoyote kwa mtu anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Busia akiwa na magunia mawili na mtoto mgongoni. Nimeona niwajibu kwa urefu, kwa sababu ninafanya kazi katika karakana ya kutengeneza mifano ya magari na jambo hili huwa moyoni mwangu kila siku.

Nianze na gari ambalo kila mgeni wangu kutoka Kenya humsikia mwenyeji wake akilisimulia. Mwaka 1970 karakana ya Bertone ilionyesha hapa Torino gari lililochorwa na Marcello Gandini, ambaye alifariki mwaka 2024, na ambalo leo linajulikana kama Lancia Stratos Zero. Kimo chake ni sentimita 84, yaani halifiki kiunoni mwa mtu mzima aliyesimama. Halina milango ya pembeni: dereva huinua kioo cha mbele, hukanyaga sehemu ya mbele ya gari palipowekwa mpira mweusi, kisha huteremka kitini akiwa karibu amelala chali. Watu wa hapa husimulia kwamba Nuccio Bertone mwenyewe aliliendesha hadi makao ya Lancia na kupita chini ya kizuizi cha langoni bila mlinzi kukiinua. Mtu anayelitazama mara ya kwanza huliona kama kabari ya chuma isiyo na manufaa yoyote, lakini wakuu wa Lancia waliolitazama siku hiyo waliona jambo jingine, nao wakaagiza gari la mashindano litokane na wazo hilo.

Lililozaliwa ni Lancia Stratos, gari fupi lenye injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya viti, lililoipatia kampuni hiyo ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali mwaka 1974, 1975 na 1976. Mwaka 1975 liliingia Safari Rally, mbio za rali za Kenya. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote wawili wakiendesha Stratos, lakini mshindi alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, gari la familia lenye springi laini na ndefu, ambalo mafundi wetu walilijua hadi skrubu ya mwisho kwa sababu lilikuwa likibeba abiria katika kila pembe ya nchi. Stratos halikuwahi kushinda Safari. Ninawaeleza haya wageni wangu kwa msisitizo, kwa sababu ni nadra sana kuona safari nzima ya wazo, kutoka mchoro wa kuthubutu hadi gari la kweli hadi matope ya Kenya, na kuona mahali wazo hilo lilipokutana na mashimo yetu na kushindwa na gari la kawaida lililobuniwa kuvumilia.

Kazi yenyewe ya kutengeneza magari haya iko karibu na ile ya mafundi wetu wa jua kali, wa karakana za mtaani, kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kiunzi cha mbao na povu gumu hufunikwa kwa udongo maalumu uliopashwa moto mpaka ukalainika, kisha udongo huo hukwanguliwa kwa vyuma vyembamba hadi umbo likubaliane na mchoro, halafu juu yake hutandazwa utando wa rangi ya fedha ili mwanga ufichue kila bonde na kila kilima ambacho vidole vilikosa kukihisi. Njia ya udongo ilienezwa na Harley Earl wa General Motors, mtoto wa mtengenezaji wa mabehewa na bodi za magari kutoka Los Angeles, ambaye gari lake la mwaka 1938, Buick Y-Job, huhesabiwa na wengi kuwa gari la kwanza la dhana. Hapa Torino, hata hivyo, mabingwa wa zamani walifanya kazi kwa nyundo na bati juu ya kiunzi cha mbao. Alfa Romeo tatu zilizochorwa na Franco Scaglione kati ya 1953 na 1955, zenye mabawa ya nyuma yaliyopinda kwa ndani kuelekea katikati, zilipigwa kwa mikono hivyo hivyo, na mojawapo, BAT 7, ilifikia kiwango cha ukinzani wa hewa cha 0.19 (kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo gari linavyopasua hewa kwa urahisi), ambacho magari mengi ya leo yaliyosaidiwa na kompyuta hayajakifikia.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kushika nyundo pale Kibuye, sokoni Kisumu, kabla sijafikiria kupanda ndege, alizitazama picha za BAT 7 kwa muda mrefu nilipomwonyesha katika likizo. Alifuata kwa kidole mahali bati linapokunjwa, akasema kwamba aliyelipiga alikuwa fundi kweli. Kisha akaniuliza, "Lakini mjomba, hili linabeba nini? Na likivunjika springi Ahero, nani ana springi yake?" Tangu siku ile nimelitumia swali lake kama kipimo, na nimegundua kwamba linachuja magari ya dhana vizuri kuliko vitabu vingi vya ubunifu nilivyosoma.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya mawazo maarufu huanguka mara moja. Ford Nucleon ya miaka ya 1950, iliyokusudiwa kuendeshwa kwa kinu kidogo cha nyuklia kilichowekwa nyuma, haikuvuka hatua ya mfano mdogo, na ni vyema iliishia hapo. Dymaxion ya Buckminster Fuller, ya mwaka 1933, inastahili heshima zaidi. Ilikuwa na magurudumu matatu, iliweza kubeba hadi watu 11, na iligeuka karibu pale pale iliposimama kwa sababu gurudumu moja la nyuma ndilo lililokata kona. Lakini gari linaloongozwa kwa nyuma huyumba likienda kasi, na ajali iliyotokea mwaka huo huo mjini Chicago, ambamo dereva alifariki, ililiharibia jina. Dereva yeyote wa tuktuk wa Kondele, mtaa wa Kisumu, ambaye gurudumu lake linaloongoza liko mbele, angeweza kumweleza Fuller mengi kuhusu magurudumu matatu na upepo wa pembeni.

Chrysler Turbine ni habari nyingine, na nakiri kwamba ninaipenda. Bodi zake zilitengenezwa kwa mikono hapa Torino na karakana ya Ghia, kisha zikasafirishwa Marekani, ambako magari 50 yalikabidhiwa familia za kawaida kwa zamu kati ya 1963 na 1966 ili wayatumie kwa miezi mitatu na kueleza waliyoyaona. Injini yake ilikuwa ya tabini, jamaa ya ile ya ndege, na ilikubali dizeli, mafuta ya taa na hata mafuta ya kupikia. Hebu mtu wa Nakuru afikirie gari linaloweza kununuliwa mafuta kwa duka la mtaani. Ilikuwa na sehemu chache zinazosuguana, lakini ilichelewa kuitikia mguu wa dereva na ilikunywa mafuta mengi iliposimama kwenye msongamano. Mengi yaliharibiwa na kampuni yenyewe baada ya jaribio, yakabaki tisa. Ninachokithamini ni utaratibu wa jaribio: kampuni ilimpa mtu wa kawaida gari la ajabu, ikamwacha aende nalo sokoni, ikamsikiliza.

Mwaka 2008 BMW ilionyesha GINA, gari ambalo Chris Bangle na wenzake walilifunika kwa kitambaa kinachonyumbuka badala ya bati. Chini ya kitambaa kulikuwa na fremu inayosogea, hivyo mwili wa gari ulibadilika umbo, na taa za mbele zilifumbuka kama macho. Swali la GINA lilikuwa kama kweli ngozi ya gari ni lazima iwe chuma. Ni swali zuri, na nilifurahi kuona watu wenye uwezo wakilichukua kwa uzito. Tuktuk zinazopanda kutoka mjini kwenda Kondele zimekuwa zikiishi na jibu lake kwa miaka mingi: ngozi yao ni turubai, hushonwa na fundi wa cherehani, huvuliwa ikichakaa, na mvua kubwa ikija hushushwa pembeni. Hakuna jumba la makumbusho lililowahi kuweka turubai hilo kwenye jukwaa, na mimi naona linastahili.

Gari la dhana ambalo naamini lilijibu kipimo cha mjomba kwa ukamilifu kuliko yote ni lori liitwalo OX, lililozinduliwa mwaka 2016 na kubuniwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban aliyejipatia sifa kwa magari ya Formula 1 na kwa McLaren F1. Mtu huyo aliyezoea kupunguza gramu kwenye gari la mbio alipewa kazi ya kufikiria mzigo wa Afrika, naye hakudharau kazi hiyo. OX hupakiwa likiwa vipande bapa, sita katika kontena moja la futi 40, na watu watatu huliunganisha kwa takriban saa 12. Kiti cha dereva kiko katikati, kwa hiyo nchi inayoendesha kushoto na ile inayoendesha kulia hutumia gari lile lile. Kioo cha mbele kimegawanywa katika vipande bapa, ili kikipasuka ubadilishe kipande kimoja tu. Mlango wa nyuma hung'olewa ukawa daraja la kupakilia mapipa, na fremu za viti hutolewa zikatandikwa chini ya magurudumu gari linapozama kwenye matope. Hubeba kilo 1,900. Kila kitu hapo kilianzia kwa mtu aliyekwama njiani akiwa na mzigo, na ndiyo sababu ninaliona kuwa la kuthubutu kuliko ile kabari ya Bertone ya mwaka 1970. Baadaye wazo hilo lilibadilishwa kuwa lori la umeme, na likaanza kubeba mizigo ya wakulima na wafanyabiashara nchini Rwanda.

Toyota nayo, katika maonyesho ya Japani ya mwaka 2023, ilileta IMV Origin, gari la mizigo linalotoka kiwandani likiwa halijakamilika, karibu chesisi na kiti tu, ili wale watakaolitumia wamalizie wenyewe kadiri ya haja yao, na Afrika ilitajwa waziwazi katika maelezo yake. Niliposoma habari hiyo nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu kampuni kubwa imekiri kwamba sehemu ya ubunifu inapaswa kufanywa mahali gari linapoishi. Niliumia kwa sababu mafundi wa Kibuye, na wenzao wa Nakuru wanaojenga bodi za malori na matatu, wamekuwa wakimalizia magari kwa njia hiyo maisha yao yote, bila mtu wa kuchora walichokifanya na kukihifadhi.

Kenya iliwahi kujaribu kwa njia rasmi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari la Kenya, na kufikia mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalikuwa tayari, yakiwa na uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Hayakuingia sokoni kwa kukosa fedha. Mimi siyahesabu kama aibu. Kwa viwango vya Torino hayo ni magari matano ya majaribio yaliyotembea, na karakana nyingi za hapa zimefunga milango baada ya kazi nyingi zaidi zisizofika sokoni. Lililotupungukia ni mwendelezo, yaani gari la sita lililojifunza kutoka kwa lile la tano.

Kwa hiyo nimeanza, pamoja na mjomba na vijana wachache wa Kibuye, kuchora gari la dhana la Kisumu, na tumekubaliana kuanzia kwa Toyota Probox, gari dogo la abiria na mizigo, kwa sababu ndiyo inayobeba mkoa wetu. Tumepima kimo cha sakafu kutoka chini, upana wa mlango wa nyuma, na mahali kareya inapokunja paa mzigo unapozidi. Tunataka mlango wa pembeni unaoteleza, sakafu iliyo chini zaidi ili mama mwenye beseni asiinue mara mbili, na springi ambazo fundi wa Ahero anazo dukani. Sehemu inayotushinda kwa sasa ni sakafu yenyewe. Wasafirishaji wa samaki wanatuambia kwamba maji ya barafu hupenya chini ya zulia na kula bati. Mjomba anataka aluminiamu iliyokunjwa iwe na mfereji wa kumwagia maji nje, nami napendelea plaiwudi iliyolowekwa gundi ngumu, kwa kuwa seremala yeyote anaweza kuikata upya. Yeyote anayesafirisha samaki kutoka Dunga au Usenge ninamwomba anieleze maji hujikusanya wapi kwenye gari lake, na bati huanza kutoboka upande gani.