Leo nimewaona viboko wa Mto Wami

Ndiyo nafika nyumbani Mbezi, viatu bado vina tope la mtoni.

Tulikuwa kikundi kidogo, gari moja tu. Tumetoka Dar alfajiri, tukapita Bagamoyo, tukaingia Saadani, hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Twiga na ngiri tumewaona, lakini acheni niwaambie ya mtoni.

Nahodha alizima injini karibu na mikoko, boti ikaelea na mkondo.
Kimya kabisa.
Mara maji yakapasuka, pfuuu! Kiboko.
Akatikisa masikio, matone yakaruka pande zote. Kisha ubavuni mwake akaibuka mtoto, akaegemeza kidevu kwenye mgongo wa mama yake, akatulia hapo anatutazama.

Mama mmoja mtu mzima tuliyekaa naye, wa Temeke, alinishika mkono: "Mwanangu, kumbe hawa wote wako karibu nasi hivi?" Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia.

Mbele kidogo, mamba kalala kwenye tope, mdomo wazi. Juu ya miti, mbega.

Jamani, wengi wetu tukisikia wanyama tunawaza Serengeti na safari ya siku kadhaa. Huku unaenda na kurudi siku hiyohiyo! Natamani kila mtoto wa shule wa Dar afikishwe.

Nani keshafika? Masika barabara inapitika? Niambieni, nataka kumpeleka mama yangu.