Siku Moja Maishani Mwangu: Aktini ya Kondoo na Kibaba Kinachosinyaa

Saa 11 alfajiri ninakuwa tayari machinjioni, nje kidogo ya jiji la Mbeya, nimevaa koti zito kwa kuwa baridi ya Juni huku haina utani. Kondoo wa leo ni wa kienyeji, wenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata tena vijinyama vyako vya kulisha sisimizi?"

Mzee huyu hajaacha kunishangaa. Ninachohitaji ni vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi kutoka kwenye ini, bandama na paja, ambavyo ninavitumbukiza haraka katika naitrojeni kimiminika, kwa sababu mnyama akishakufa vimeng'enya vya tishu yenyewe huanza kuila RNA, yaani nakala za jeni zinazoonyesha ni jeni ipi inafanya kazi na kwa kiasi gani.

Saa 3 asubuhi niko maabara nikisaga. Ini na bandama husagika bila ubishi. Paja lina nyuzi ngumu, na ukilegeza mkono hata kidogo linayeyuka kabla halijawa unga. Glavu hazivuliwi, maana hata ngozi ya vidole vyetu ina vimeng'enya vinavyovunja RNA.

Kufikia saa 7 mchana nimeshapima RNA, nimechukua kiasi kilekile kutoka kila tishu na kukigeuza kuwa DNA. Ninakula wali na maharage upesi, kisha ninapakia mashine inayozidisha DNA kwa mizunguko 40.

Jeni ninayoitumia kama kibaba cha kupimia nyingine, yaani ninagawanya kipimo cha kila jeni kwa kipimo chake, ni ile ya beta-aktini, protini ya asidi amino 375 inayoungana kuwa nyuzi za kiunzi cha seli, yaani nguzo na kamba zinazoipa seli umbo na kuiwezesha kutembea. Kwa kuwa kila seli inahitaji kiunzi, watafiti wengi walizoea kudhani kwamba jeni hii hufanya kazi kwa kiwango kimoja mwili mzima, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Saa 10 jioni michirizi inayoonyesha DNA ya beta-aktini ikiongezeka inapanda kwenye kioo cha mashine; unaotangulia ndio wa tishu yenye RNA nyingi zaidi ya jeni hiyo. Bandama inatangulia, jambo linaloeleweka, kwani imejaa chembe nyeupe za damu ambazo hutambaa zikifanya kazi yake. Paja linachelewa kwa mizunguko 4 hivi, na kwa kuwa kila mzunguko huzidisha DNA karibu mara 2, pengo hilo ni la takriban mara 16. Msuli haukukosa aktini. Umejaa alfa-aktini, inayovutana na miosini, protini nyingine ya msuli, wakati wa kujikunja, na hiyo inatoka kwenye jeni nyingine kabisa.

Wiki iliyopita nilikaribia kuandika kwamba jeni ninayoichunguza imepanda sana pajani, kumbe kibaba ndicho kilichosinyaa. GAPDH, jeni nyingine inayozoeleka kama kibaba, nayo hainifai hapa, kwa kuwa msuli una wingi wake kwa ajili ya kuvunja sukari. Mwongozo wa MIQE wa 2009, unaohusu vipimo vya aina hii, unataka jeni za kulinganishia zithibitishwe kwanza katika tishu husika, kwa kawaida zaidi ya moja, nami nilikuwa nimeusoma na kuupita. Nitaanza kuzithibitisha jeni mbili nyingine, YWHAZ pamoja na SDHA.

Saa 12 jioni ninarudisha mirija kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha ninaandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya safu ya paja: "Usigawanye kwa aktini."