Laptopu inalalamika "memory" kila ukiizima? Subiri kwanza kununua RAM

Wiki kama tatu nilikuwa nalala na kinyongo na laptopu yangu. Mchana kutwa inapiga kazi bila shida, haigandi, haijizimi, nafungua matabu hata thelathini na jedwali zito juu yake wala haitikisiki. Sasa ifike usiku, nimechoka, nabonyeza kuzima, mara katikati ya skrini linatokea dirisha lenye alama nyekundu ya X limejaa manamba, na kabla sijasoma hata nusu yake, pwaa, giza. Siku nyingine linaganda hapo hapo na laptopu haizimi mpaka niibonyezee OK, na hizo ndo zilikuwa siku mbaya, kwa sababu mi nishafunika na kuitia kwenye begi nikijua imezima, asubuhi naikuta ya moto kama pasi na chaji hakuna.

Nilichoambulia kusoma siku zote hizo ni neno moja tu, memory. Nikamweleza fundi mmoja ninayemfahamu, hata sijamaliza akanikatiza, "RAM hiyo, imeanza kufa, badilisha mapema." Hakuiwasha hata kuiangalia. Simlaumu sana maana na mimi nilishawaza hivyo hivyo, ukisikia memory akili inakimbilia kile kijiti cha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera: kama RAM ni mbovu, kwanini iwe mbovu usiku tu, tena dakika ile ile ya kuzima? Ubovu unajua saa?

Basi nikaamua angalau niisome hiyo meseji yote kwanza. Nikaegesha simu mbele ya skrini, nikaweka video ya mwendo wa polepole, nikazima laptopu. Kurudisha video nyuma nyuma nikaipata, juu imeandikwa explorer.exe - Application Error, chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 0x00007FF, halafu namba nyingine ambayo yote ni sifuri, 0x0000000000000000, halafu ndo yale maneno "The memory could not be read". Nilijiona mpelelezi kwelikweli. Baadaye sana nikaja kugundua kumbe Windows ilikuwa inaiandika meseji nzima kila usiku, neno kwa neno, kwenye Event Viewer, ile programu ya Windows inayotunza kumbukumbu za matukio, upande wa System, chini ya chanzo kinaitwa Application Popup, namba ya tukio 26. Yaani mi nategesha kamera gizani kama nangoja mwizi, na mwizi kila siku anasaini daftari la wageni.

Sasa hii meseji ukiielewa utapunguza presha. Memory inayotajwa hapo ni anwani. Kila programu Windows inaipa eneo lake la anwani za kuwekea vitu vyake, na ikijaribu kusoma anwani ambayo haijapewa, inafungwa pale pale na kosa namba 0xC0000005, ambayo maana yake ni umeingia pasipo pako. Kipande cha mwanzo kabisa cha anwani, kile kilobaiti 64 kuanzia sifuri, Windows haimpi mtu kwa makusudi, ili programu ikipotea njia ikaangukia huko ikamatwe. Kwa hiyo ukiona anwani ni sifuri tupu, au namba ndogo ndogo kama 0x10 au 0x28, hapo mara nyingi ni programu iliyokuwa inatafuta kitu ambacho hakipo tena, au hakijawahi kuwepo, yaani ile inayoitwa null. Tony Hoare, yule Mwingereza aliyeingiza wazo la null kwenye lugha za programu mwaka 1965, mwenyewe mwaka 2009 alisimama mbele za watu akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Mi naona alijipunguzia.

Na kwanini wakati wa kuzima? Chukulia watu wanahama nyumba. Windows inapoambiwa izime inapita kila chumba inasema jamani fungasheni tunaondoka, programu zinaanza kurudisha vitu, huyu anabeba meza, yule anakunja mkeka. Anabaki mmoja nyuma hajasikia tangazo, anarudi kukaa kwenye kiti chake kama kawaida, kiti kishabebwa. Chini puu. Siku nzima alikuwa anakikalia hicho kiti bila shida kwa sababu kilikuwepo. Ndo maana makosa ya namna hii hujificha mpaka dakika ya mwisho, programu nyingi zinaandikwa vizuri kuanzia kuwaka hadi kufanya kazi, kuondoka ndo watu wanalipualipua.

Kitu kilichonitoa wasiwasi wa RAM kabisa hata kabla sijaipima ni hizi namba. Niliziandika kwenye karatasi usiku mitatu mfululizo. Ya sifuri haikubadilika. Ile ndefu ya kwanza ilikuwa inabadilika kila siku, lakini tarakimu nne za mwisho zilikuwa zile zile, 4E37, 4E37, 4E37. Ikabidi nikumbuke kwamba Windows tangu enzi za Vista inahamishahamisha mahali inapopakia mafaili ya programu ili wadukuzi wasijue kitu kiko wapi, lakini inahamisha kwa hatua za kilobaiti 64, kwa hiyo mwanzo wa namba unabadilika na mkia unabaki. Maana yake ni mstari ule ule mmoja wa maelekezo ya programu unaodondoka kila usiku. RAM mbovu haina nidhamu hiyo bwana, RAM mbovu inapiga popote, leo kivinjari, kesho kicheza muziki, keshokutwa skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT, mara faili la zip ulilolifungua jana vizuri leo linakwambia limeharibika. (Na kwa sababu ya huko kuhamishwahamishwa usihangaike kutafuta ile namba ndefu mtandaoni, ya kwako ya leo hata wewe kesho hutaiona tena.)

Nilipima hata hivyo, kwa ajili ya amani ya moyo. Ukiandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia inakuja Windows Memory Diagnostic, inaristati na kupima yenyewe, jibu unalipata ukishaingia. Afu nikaweka na MemTest86, programu nyingine ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha usiku kucha. Makosa sifuri. Na kwenye kupima RAM sifuri ndo jibu pekee linalokubalika, ikikuonyesha hata kosa moja usijidanganye kwamba ni dogo. Ingekuwa RAM kweli ningekuwa na shida nyingine, maana kwenye laptopu nyingi za siku hizi RAM imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuichomoa na kuipangusa kama zamani.

Hapo katikati nilifanya na mambo kadhaa ya kubahatisha. Nimeongeza pagefile, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, hakuna kitu, na ukifikiria hata haileti mantiki, programu haijasema nafasi imeisha, imesema imeingia kusikokuwa kwake. Nimeendesha sfc /scannow na ile DISM ya RestoreHealth, zote zikasema mafaili ya Windows ni mazima. Hizi za mwisho sio za kudharau, ni kwamba kwangu ugonjwa haukuwa huko.

Fast Startup ndo ilinichelewesha zaidi, kwa sababu inafanana sana na jibu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima laptopu haizimi yote kama unavyodhani. Inakutoa wewe na programu zako, lakini kiini cha mfumo pamoja na madraiva (programu za kuendeshea vifaa) kinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Nenda Task Manager kwenye kurasa ya CPU uangalie pale Up time, mimi nilikuta siku 19 na nilikuwa nazima kila usiku kwa uaminifu! Kumbe kuristati ndo kunaanza upya kweli kweli, kuzima ni kama kulala tu. Kwa hiyo jaribio rahisi kuliko yote ni hili: kosa linatokea ukizima peke yake, au na ukiristati pia? Likitokea kwenye kuzima tu, washuku Fast Startup na madraiva, shikilia Shift huku unabonyeza kuzima uone kama linapotea, likipotea kaiondoe kwenye mipangilio ya umeme. Kwangu lilikuwa linatokea kote kote. Ila niliiondoa hata hivyo, diski yangu ni SSD, ile aina yenye kasi, zile sekunde chache naweza kuzivumilia.

Kilichobaki ni kumtafuta yule aliyesahau kufungasha. Jina kwenye dirisha lilikuwa explorer.exe, na hapa ndo wengi tunapotea, tunasema si ni Windows yenyewe hii, ngoja nifomati. Explorer, ile programu inayokuonyesha desktop na mafolda, ni kama daladala, amebeba watu wengi wasio wake. Kila programu inayokuwekea kipengele kwenye ile menyu ya kubofya kitufe cha kulia cha mausi, sijui finya faili hili, sijui tuma huko, sijui saini hati, inapandisha kipande chake ndani ya explorer. Abiria akizimia utasikia daladala fulani imepata tatizo, jina la abiria halitajwi.

Ila kwenye Event Viewer linatajwa. Safari hii upande wa Application, tukio namba 1000, lina mstari wa Faulting application ambao ulisema explorer.exe kama nilivyotegemea, na chini yake Faulting module, na pale nikakuta jina la dll, yaani faili la kipande cha programu, ambalo sijawahi kuliona. Chini zaidi njia ya faili inaonyesha halimo System32, folda ya Windows yenyewe, kabisa, limo kwenye folda ya programu fulani ya kusaini hati ambayo nilishaitoa. Niliitoa! Nilibofya uninstall, ikaniaga vizuri, ikasema imemaliza. Sema wakati naitoa, explorer alikuwa amelishikilia hilo faili, faili linalotumika halifutiki, na mimi sikuristati kwa sababu nani anaristati akiambiwa aristati. Likabaki. Kila nikiwasha linapanda daladala na tiketi ya zamani, kila nikizima linaanguka.

Sikulifuta moja kwa moja, nimeshawahi kujiunguza kwa haraka za namna hiyo. Nilishusha ShellExView ya NirSoft, kikorokoro kidogo tu kinachokuonyesha orodha ya abiria wote wa explorer. Vya Microsoft kama hukijui acha kama kilivyo, panga kwa kampuni uangalie vya wengine. Kwangu vilikuwa kumi na moja, nikakiona kile, nikakizima bila kukifuta ili kikileta shida nikirudishe, nikaristati. Wewe kama tukio 1000 halikupi jina la maana, zima vyote visivyo vya Microsoft kwa pamoja, hakikisha kosa limepotea, halafu rudisha nusu, kisha nusu ya nusu. Inachosha lakini kwa kumi na moja hupiti majaribio matano. Na kama juu ya dirisha lako jina sio explorer bali ni la programu inayojulikana, mambo ni mepesi zaidi, iapdeti, ikigoma iondoe, au kabla ya kuzima ifunge mwenyewe kwa mkono uone kama kelele zinaisha.

Usiku ule nikazima nikiwa nimeikodolea macho. Hakuna dirisha. Nikawasha, nikazima tena. Hakuna. Nikaenda kwenye tukio 26, la mwisho lilikuwa la jana yake. Baada ya wiki ndo nikalifuta lile faili, lilikuwa na kilobaiti mia tatu na kitu.

Juzi jamaa yangu kanitumia picha, dirisha lile lile, programu nyingine, anwani imeishia na 18, na chini kaandika "nishaagiza RAM". Nimemuuliza swali moja tu, ukiristati inatokea? Ameonekana kusoma, hajajibu, nadhani ameenda kujaribu.