Kumbukumbu ya mradi wangu: chupa tisa za wiski ya kimea, zote chini ya pauni 40

Nimefika chupa ya tisa. Mradi ulipoanza Oktoba nilipanga chupa kumi na mbili kwa mwaka mmoja: wiski za Uskoti zile zinazoandikwa Single Malt kwenye lebo, kila moja chini ya pauni 40, na kila moja ipewe maksi. Sasa ni mwisho wa Juni na daftari limejaa mistari ya kufuta kuliko maksi zenyewe. Maksi zote za chupa nne za kwanza nimezikata kwa kalamu nyekundu, na nitaeleza kwa nini.

Ndugu zangu Moshi waliposikia nina mradi wa wiski walidhani nimefungua baa. Hapana. Naishi Glasgow, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mshahara wangu na chupa za pauni 200 hawajatambulishwa. Wala si mnywaji wa kutisha. Chupa ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ina uniti 28 (uniti ni kipimo cha hapa, mililita 10 za pombe tupu), na ushauri wa madaktari hapa ni mtu asizidishe uniti 14 kwa wiki. Kwa hiyo napima mililita 15 kwa bomba la sindano, yale ya kunyweshea watoto dawa. Chupa ikizidi kukaa namshirikisha mzee wa ghorofa ya chini, ambaye hatoi maksi. Yeye husema "aye", yaani "ndiyo" ya Waskoti, au hasemi kitu.

Kuhusu hayo maneno ya kwenye lebo. Mwaka mzima nilidhani "single" ni pipa moja. Ni kiwanda kimoja: wiski ya mapipa mengi inaweza kuchanganywa, mradi yote yametoka kiwanda hicho hicho na yote ni ya kimea cha shayiri. Kimea chenyewe hakikunipa shida. Bibi yangu aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, akauanika, akausaga, ndio ukaingia kwenye mbege. Waskoti wanafanya mambo hayo hayo kwa shayiri. Ila wao hawaishii kwenye pombe. Wanaichemsha kwenye vyungu vya shaba, kwa kawaida mara mbili, wanakusanya mvuke uliopoa, kisha wanaufungia kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, humo humo Uskoti. Kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani kupitia ubao wa pipa, nao wanasema hilo ni fungu la malaika. Bibi angesema kuna mtu ana ufunguo wa stoo.

Bei nayo ina hesabu yake. Uskoti imeweka bei ya chini kwa kila uniti ya pombe tangu Mei 2018, na Septemba 30, 2024 ikapandishwa kutoka peni 50 hadi 65. Uniti 28 mara peni 65 ni pauni 18.20, na chini ya hapo duka haliruhusiwi kukuuzia chupa ya asilimia 40, iwe tamu iwe sabuni. Ya asilimia 46 inaanzia pauni 20.93. Ndani ya chupa ile ya asilimia 40 ushuru wa pombe peke yake unakaribia au kupita kidogo pauni 9, na VAT ya asilimia 20 inakaa juu yake. Ukitoa hayo kwenye chupa ya pauni 22, unabaki unawaonea huruma waliolinda pipa miaka yote. Ofa za "nunua mbili upunguziwe" zimepigwa marufuku tangu 2011. Na usijaribu kununua asubuhi. Nilitoka zamu saa 2, nikapitia dukani na mkate, maziwa na chupa yangu ya kwanza, dada wa kaunta akaishika chupa akaiweka pembeni: pombe ni kuanzia saa 4. Nilirudi nyumbani na mkate.

Chupa nne za mwanzo zilikuwa Glen Moray Classic (pauni 22), Glenfiddich 12 (hiyo namba ni miaka ya kukaa pipani), Glenlivet 12 na Glenmorangie Original. Nilizionja moja moja, chupa mezani, lebo inanitazama, kitabu cha kuonjea wazi pembeni. Nikatoa maksi hizi kwa 10: Glen Moray 5, Glenlivet 7.5, Glenfiddich 8, Glenmorangie 9.

Hiyo 9 nilikuwa na sababu zake, au nilidhani ninazo. Kiwanda cha Glenmorangie kiko Tain, kaskazini, na vyungu vyake ndivyo virefu kuliko vyote Uskoti. Shingo zake zinafika mita 5.14, na ni mvuke mwepesi tu unaomudu kupanda mpaka juu, ndiyo maana wiski inatoka laini. Wenyewe wanasema huo ni urefu wa twiga dume, na wamemfanya twiga kuwa alama yao. Nilisoma hayo, nikaonja, nikaandika: "laini, chungwa, iliki kwa mbali, inapanda."

Mke wangu alisoma daftari akacheka. "Hapo umempa maksi twiga."

Nikabisha. Akaniambia nitoke jikoni. Niliporudi nilikuta glasi tano zimepangwa, kila moja ina karatasi ya namba chini, chupa zimefichwa, naye ameketi na peni kama msimamizi wa mtihani. "Haya, mwalimu, sahihisha."

Nilichukua saa nzima. Nilinusa, nikanywa maji, nikanusa tena kiganja cha mkono kama nilivyosoma kwamba kinasafisha pua. Glasi ya 1: kali, haina adabu, 6. Glasi ya 3: ndizi mbivu na biskuti, tamu bila kelele, 8, nikatamka kwa sauti kwamba huyu ndiye twiga. Glasi ya 5: asali, peasi, 8.5, bora kuliko zote. Akageuza karatasi moja moja bila kusema neno. Namba 3, twiga wangu, ilikuwa Glen Moray ya pauni 22. Namba 1 na namba 5 zilikuwa chupa moja, Glenlivet, aliyoimimina mara mbili kwa makusudi. Nimeipa 6 na nimeipa 8.5, dakika arobaini katikati.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Kesho yake tukarudia, naye akabadilisha mpangilio. Glasi ya kwanza ikapata maksi za chini tena, safari hii ilikuwa Glenfiddich. Ulimi usiozoea unaungua na spiriti, mdomo unajaa mate, na wa kwanza ndiye anayelipa. Anayekuja wa nne anakuta njia imeshafyekwa. Tangu siku hiyo glasi ya kwanza haina maksi. Naiita mfyeka njia, na mara nyingi ni chochote kilichobaki chini ya chupa.

Mabadiliko mengine ya utaratibu: sionji baada ya kupiga mswaki wala baada ya pilau. Nimeacha vikombe vya chai nikanunua glasi mbili za Glencairn, zile zenye tumbo na mdomo mwembamba, zinazobuniwa hapa jirani East Kilbride, na tofauti ya harufu ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Glasi nazizungushia karatasi ya alumini nisione rangi. Rangi inadanganya sana, kwa kuwa sheria inaruhusu kutia karameli ya E150a ili kila chupa ifanane na ya jana. Wiski nyeusi kama chai ya rangi unaiona nzito kabla hata ya kuinusa. Tamnavulin Double Cask, chupa ya tano, ilinifanyia hivyo: kwa macho 8, kwa karatasi ya alumini 6. Si mbaya. Ina sukari guru na zabibu kavu, kisha inaisha ghafla kama taa ya LUKU.

Na kitabu cha kuonjea nimekifunga. Kilinitaka nisikie maua ya vichakani ambayo sijawahi kuyashika na matunda ya mwituni nisiyoyajua kwa jina wala kwa sura. Nilikuwa naandika "heather" kwa sababu kitabu kimesema heather. Sasa naandika kashata, topetope, karafuu, ndizi mzuzu iliyopita siku, gunia jipya, stoo ya mahindi. Mzee wa chini nilimsomea maelezo yangu ya Loch Lomond 12, "embe bichi na gunia jipya." Akafikiri. "Aye."

Chupa ya sita ndiyo iliyonitoa nyumbani. Deanston 12 niliipenda bila kuijua (glasi ya 4, siku ya baridi, 8.5, ikarudi wiki iliyofuata na 8, hiyo kwangu ni rekodi ya uaminifu), kwa hiyo Machi nikapanda treni hadi Stirling na basi mpaka kijijini kwao. Jengo ni kiwanda cha pamba cha 1785 kilichofungwa 1965, na mwaka uliofuata kikageuzwa cha wiski. Mto Teith uliokuwa ukizungusha mashine za nyuzi sasa unazungusha mitambo ya umeme ya kiwanda. Ukumbi wa zamani wa wafumaji, wenye dari la kuba, umejaa mapipa.

Kwenye matangi ya kuchachushia mwongozaji alifungua kifuniko, akatuonya tusiingize kichwa chote kwa kuwa hewa ya humo inachoma. Niliingiza pua tu. Ikanichoma kweli, machozi yakanitoka, na nyuma ya huo mchomo nikasikia mbege. Si mfano wa mbege. Ile yenyewe, ndizi iliyochacha na uji wa kimea, asubuhi uwanjani kwa bibi. Baadaye nilisoma kwamba hamira ikichachusha huzalisha kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, kwa hiyo pua yangu haikuota. Niliwaambia wenzangu wa msafara, wote Wajerumani, kwamba kwetu mambo yangeishia hapa hapa na kata ingekuwa imeshazunguka. Walitabasamu kwa heshima.

Deanston inatoka na nguvu ya asilimia 46.3, na hilo limenifundisha kitu cha kutazama kwenye lebo kabla ya umri. Wiski ina mafuta mafuta ya asili ambayo ikipoa au ikipunguzwa nguvu yanaganda na kuleta ukungu. Wenye viwanda vingi hawataki mteja aone ukungu, basi wanaipoza na kuichuja kabla ya kuitia chupani. Ikiachwa kwenye asilimia 46 hivi au zaidi, inabaki angavu bila kuchujwa namna hiyo. Nilijaribu mwenyewe: kipande cha barafu kwenye Glenfiddich, kingine kwenye Deanston, glasi mbili dirishani. Baada ya dakika chache Glenfiddich iliendelea kung'aa kama maji ya bomba. Deanston ikaingiwa na ukungu mwembamba kuanzia chini, kama maji ya madafu. Mdomoni ule ukungu ndio unaokaa ulimini baada ya kumeza. Loch Lomond 12 na Glencadam 10, chupa za saba na tisa, ziko kwenye asilimia 46 nazo, na zote zimepata 8 bila mimi kujua ninachokunywa. Chupa maarufu za asilimia 40 zimeganda kati ya 6.5 na 7, twiga akiwa humo.

Nimeruka ya nane. Laphroaig 10, ya kisiwa cha Islay, haiwezi kuonjwa kwa kufichwa, maana inajitaja ukiwa koridoni. Shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa matofali na kuchomwa kama kuni. Nilipofungua chupa mke wangu aliuliza kutoka chumbani, "Nani amejikata?" Aiodini, bandeji, samaki wa kukaushwa kwa moshi, kamba ya mashua. Shemeji aliyekuwa kwetu wiki ile, mtu wa Arusha, alinusa akasema hii ni maziwa ya kibuyu kilichofukizwa, akaomba nyingine. Mimi siku ya kwanza niliandika 4. Wiki ya tatu 7. Sasa hivi, nikitoka zamu na mvua inanyesha, ndiyo ninayoifikiria kwenye basi. Kwenye safu ya maksi nimepiga mstari tu.

Chupa ya kumi iko kabatini tangu Jumamosi. Safari hii kaenda kununua mke wangu, amepewa bajeti na sharti moja tu, asinitajie. Ameivisha soksi yangu ndefu ya kuchezea mpira na kuifunga mpira wa nywele shingoni. Jana usiku alipolala nilikwenda kuipapasa kwa nje. Haina kona tatu kama chupa ya Glenfiddich, kwa hiyo si Glenfiddich nyingine.