Tairi mbili za Dakota

Kabla sijalala niandike hii, maana hizi tairi mbili nimezishika tangu jioni na kila nikiziweka mezani nazichukua tena. Ni tairi za modeli ya ndege ya Dakota, yaani DC-3, skeli ya 1/72, maana yake kila kitu ni kidogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, ndogo kuliko kifungo cha koti, na zimenila miezi minne.

Chanzo ni picha. Babu mzaa mama alikuwa fundi wa ndege East African Airways, lile shirika lililoanza 1946 likafa 1977 mwaka uleule Jumuiya ilipovunjika, na picha yake iliyobaki nyumbani ni moja tu, nyeusi na nyeupe, nyuma imeandikwa Embakasi 1962, yaani uwanja wa ndege wa Nairobi. Amevaa ovaroli, amesimama pembeni ya Dakota, na mkono wake uko kwenye tairi. Ndege yenyewe haionekani yote, unaona kipande cha bawa, injini, na hilo tairi linampita kiuno. Kwa hiyo nilipoamua kuitengeneza ile ndege nilijua nikikosea rangi ya mkia naweza kusamehewa, ila tairi hapana.

Kiti, yaani seti ya vipande vya plastiki vya kuunga modeli, nilinunua kwa mtu, ya zamani, boksi limefungwa miaka mingi. Nafungua nakuta tairi zake za vinaili laini zimeila ringi ya plastiki, imeyeyuka kabisa kama imemwagiwa tina. Kumbe ndivyo zilivyo, kile kilainishi kinachotiwa kwenye vinaili kinatoka taratibu na kinaila plastiki ya polistairini inayogusana nayo, huhitaji moto wala jua, muda tu. Ukiwa na kiti yenye tairi laini zitoe leo uziweke mfuko wa peke yake, nakuomba.

Basi nikaanza kutafuta. Tairi kubwa la DC-3 ni saizi 17.00-16, hiyo 17 ni upana kwa inchi na 16 ni ringi, na kwa kimo linafika kama inchi 45, zaidi ya mita moja na sentimita kumi. Ukigawa kwa 72 unapata karibu milimita 16 kimo, 6 upana, na ringi 5.6. Nikasema rahisi, oringi, zile pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, maduka ya spea, nikazunguka siku mbili na vernia ya kupimia mkononi. Tatizo la oringi ni kwamba ikiwa nene inakuwa na tundu kubwa pia, ile ya unene wa milimita 5.33 ndogo kabisa tundu lake lina zaidi ya milimita 10, kwa hiyo tairi zima linafika 21, hilo tayari si Dakota. Nikichukua nyembamba ili kimo kikae sawa, linakuwa tairi la baiskeli. Na Dakota tairi lake ni nene, limenona, ndo linaipa ile ndege sura yake ikiwa imekaa chini pua juu. Hata ikiruka unaliona, maana magurudumu hayaingii yote, nusu inabaki nje chini ya injini.

Hapohapo Gerezani kuna mzee mmoja anakereza bushi za magari. Nikampelekea kipande cha naironi na mchoro. Akaniuliza, "Kijana, bushi ya nini ndogo hivi?" Nikamwambia si bushi mzee, ni tairi la ndege, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaiangalia muda mrefu. "Huyu ni nani wako?" Babu yangu, fundi. Alikuwa ameshamaliza kukereza, kanipa, kakichukua tena mkononi mwangu. "Lete, bega lake halijakaa, hili la kwenye picha ni la mviringo zaidi." Bega ni pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Akakereza upya, na ile mifereji inayozunguka tairi akaichora kwa ncha ya wembe mashine ikiwa inazunguka. Hela ya mara ya pili alikataa. Shikamoo yangu kwake haitoshi.

Kutoka hapo nikafanya kalibu la silikoni na kumimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda, niliyoichanganya na rangi nyeusi. Mara ya kwanza mapovu, mara ya pili mapovu, yote yanakimbilia palepale kwenye bega. Kilichosaidia ni kupaka resini kwanza kwa brashi ndani ya mifereji, afu ndo unamimina uzi mwembamba kutoka juu huku unagongagonga meza. Ya tano na ya sita ndo hizi.

Afu kuna uzito. Dakota ikijaa inapita tani 11, na karibu yote iko juu ya tairi hizi mbili, kwa hiyo chini lazima zibonyee. Wengi wanapiga msasa tu, inatoka bapa lakini ubavu hautuni, inaonekana kama imekatwa na kisu. Mimi nilizitumbukiza kwenye maji ya moto mpaka resini ikalainika, nikazikandamiza kwenye kioo, chini ya milimita moja tu basi, maana ndege ya kwenye picha ya babu haikuwa imepakia kitu.

Sasa jana usiku, natafuta kwenye picha jinsi mifereji inavyoishia, nimeikuza mpaka imekuwa vidoa, nikaona kamstari kanatoka kwenye ringi kanaingia kwenye tairi. Miaka yote nilidhani ni mkwaruzo wa picha. Ni alama ya mafundi. Wanapaka rangi nusu kwenye ringi nusu kwenye tairi, ndege ikitua kwa breki kali tairi linaweza kuteleza kwenye ringi, na likiteleza linavuta mpira wa ndani na kung'oa vali. Mstari ukikatika unajua tairi limehama. Modeli nyingi nilizoona zimepakwa nyekundu, lakini nyekundu kwenye picha ya namna ile ingezama kwenye weusi wa tairi, na huu unang'aa, kwa hiyo ni mweupe. Na kidole cha babu, kile cha shahada, kiko juu yake kabisa. Hakuwa ameegemea tairi, alikuwa anakagua.

Nikampigia mama saa nne usiku. Akasema sijui mambo ya mistari, ila baba alikuwa hawezi kupita kwenye gari lolote hata la watu bila kuinama kuangalia tairi, tulikuwa tunachelewa kanisani.

Leo nimepaka huo mstari kwa brashi ya nywele tatu, mweupe, upande wa kushoto palepale penye kidole. Kesho naanza tairi la mkia.