Usiende kwenye mstari wa mwisho: nilivyotazama mbio za baiskeli Kigali

Kila niliyemuuliza alinijibu kwa namna ileile: "Wahi Convention, kwenye mstari wa mwisho, shika uzio, utawaona wanavyomaliza." Nikasikiliza. Ni ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu mbio za baiskeli, na nauandika hapa ili mwingine asidanganyike.

Siku ya kwanza ya mashindano ya dunia, Jumapili ya tarehe 21 Septemba 2025, wanaume walikimbia mmoja mmoja dhidi ya saa, kutoka BK Arena hadi Kigali Convention Centre. Uzio niliushika kweli. Umefunikwa mabango ya matangazo mpaka kifuani, na wote walioutangulia wanaupiga viganja kama ngoma. Nilichoona ni kofia. Kofia imepita, kofia nyingine imepita. Jambo kubwa la siku ile, Remco Evenepoel wa Ubelgiji kumkamata na kumpita Tadej Pogačar wa Slovenia aliyeanza dakika mbili na nusu kabla yake, lilitokea huko nyuma, hawajatufikia. Waliokaa mitaani waliliona kwa macho yao. Sisi tuliowahi tangu asubuhi tuliliona kwenye skrini, sawa na aliye nyumbani, ila yeye ana kochi.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, tarehe 28, siku ya mbio ndefu ya wanaume, nilihamia Kimihurura, kwenye ule mlima wa mawe ambao watu wa Kigali wanauita kwa Mignonne. Hesabu yangu ilikuwa hii. Mbio nzima ni kilomita 267.5, lakini kilomita hizo hazitoki mji mmoja kwenda mwingine. Wanazunguka mjini: mzunguko wa kilomita 15.1 mara tisa, kisha wanatoka kwenda Mlima Kigali na Nyamirambo, kisha wanarudi kuumalizia ule mzunguko mara sita. Yaani mtu aliyesimama Kimihurura anawaona mara kumi na tano. Tena anawaona wakipanda: kilomita 1.3 za mwinuko wa asilimia 6.3 kwa wastani, sehemu yake ikiwa ya mawe. Kwenye tambarare kundi zima linapita kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwenye mawe unaona uso wa mtu.

Ila mawe yenyewe yana mahali pa kusimama na mahali pa kupoteza muda. Chini kabisa usikae, bado wana mbio waliyotoka nayo kwenye mteremko. Juu kabisa nako mawe yameisha, wanaongeza gia na kuondoka. Theluthi ya juu ndipo penyewe. Pale mbio ya mteremko imekwisha, mguu ndio unaosukuma peke yake, na baiskeli inaruka juu ya kila jiwe mpaka unasikia cheni ikigonga fremu. Tazama mikono: nyama ya kigasha inatetemeka kama maji ndani ya ndoo. Tazama na gurudumu la nyuma. Mtu akisimama kwenye pedeli, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linapungukiwa na mzigo, linateleza nusu mzunguko bure. Ndiyo maana wazoefu wanabaki wamekaa kwenye siti hata wakiwa taabani. Penye kivuli cha miti, mvua ikinyesha, mawe hayakauki upesi, na hapo ndipo utaona miguu ikishuka chini.

Tafuta kitu cha kupandia. Tuta, ngazi, ukuta mfupi. Mimi nilipata ukuta, nikasimama kichwa kizima juu ya wengine siku nzima.

Sasa ujanja wangu, ambao jirani zangu ukutani walianza kwa kuucheka na mwisho wakawa wananiuliza kila dakika. Nilichagua nguzo moja ya taa. Wa kwanza akiifikia, nabonyeza saa ya simu. Anayemfuata akiifikia nguzo ileile, nabonyeza tena. Tofauti ndiyo pengo. Usijaribu kukadiria pengo kwa macho kwa mita: mita hamsini mlimani ni sekunde nyingi, mita hamsini kwenye mteremko ni kufumba na kufumbua. Pengo ni muda, na nguzo lazima iwe moja mpaka mwisho. Mzunguko unaofuata unapima tena, unalinganisha. Likikua, wa nyuma wamekata tamaa au wanategeana. Likipungua, kuna watu wanavuta. Mtandao wa simu ulikuwa unakwamakwama kwa wingi wa watu, kwa hiyo saa yangu ndiyo ilikuwa taarifa ya habari ya ukuta mzima. Na si sisi tu tuliohitaji hesabu hizo. Kwenye mashindano ya dunia waendeshaji hawavai redio masikioni, kwa hiyo ukimwona mtu mwenye fulana ya timu ya taifa amesimama kandokando anapiga kelele za namba, huyo ndiye redio yao.

Mizunguko niliihesabu kwa kalamu ya wino mkononi, mistari minne na wa tano kuikata. Usitegemee kichwa. Kufikia mzunguko wa sita nilisikia watu wanabishana kama ni wa tano au wa saba, na wote walikuwa wanaapa.

Ujinga wangu nao nausema. Nikajiambia: wanatoka mzunguko wa tisa kwenda Mlima Kigali, watapita kwa Mutwe, ule ukuta wa mawe wa mita 400 wenye mwinuko wa asilimia 11 unaopanda kutoka Kimisagara kwenda Nyamirambo. Nina muda, nichukue moto, yaani pikipiki ya abiria, niwaone kule, nirudi. Karatasini inawezekana. Nilichosahau ni kwamba barabara ya mbio ni kama mto uliofurika: huivuki unapotaka, unavuka pale askari anapokuruhusu na kwa muda atakao yeye. Nilitembea mpaka nje ya sehemu zilizofungwa ndipo nikapata moto, kwa bei ya siku ya sikukuu, faranga elfu mbili tatu hivi. Dereva akanishusha kwenye kizuizi. Nikapanda kwa miguu. Nikafika kwa Mutwe nikakuta watu wamejaa safu kwa safu, watoto juu ya mabati, na mimi kwenye kisigino cha umati. Niliona nini? Kofia! Zilezile za Convention.

Kurudi kukawa kubaya zaidi. Baada ya wa kwanza kupita, barabara haifunguliwi. Yanafuata makundi, magari ya timu yenye baiskeli paani, pikipiki, gari la wagonjwa, na mwisho kabisa gari la kuzoa walioshindwa. Mpaka hilo la mwisho lipite, umefungiwa upande wako. Anayevuka akiona pamenyamaza ndiye anayegongwa na gari la timu, maana hayo yanakimbia kuliko baiskeli. Nilingoja, nikapitia Biryogo nikanywa chai na chapati kwa hasira, nikarudi Kimihurura nimekosa mizunguko miwili. Ndani ya muda huo Pogačar, aliyeshambulia kule Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita kama 104, alikuwa na Isaac del Toro wa Mexico pamoja naye; niliporudi ukutani alikuwa ameshamwacha, yuko peke yake. Mkwe wa mwenye nyumba ya ule ukuta alikuwa ameshika nafasi yangu. Nililipa soda.

Mizunguko minne ya mwisho ndiyo iliyonilipa. Mtu mmoja mbele, na nyuma yake kundi linalozidi kukonda. Hapo hesabu ya pili inakuwa tamu kuliko ya pengo: hesabu vichwa vinavyopita kila mzunguko. Waliomaliza mbio ile ni 30 tu. Kigali iko juu, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na jumla ya milima ya siku ile ilikuwa zaidi ya mita elfu tano za kupanda, kwa hiyo watu walikuwa wanadondoka mmoja mmoja bila hata kuanguka. Utamjua anayekaribia kuacha: chumvi nyeupe kwenye kaptula, mdomo wazi, haangalii mbele tena, anaangalia gurudumu la mwenzake. Evenepoel alibadilisha baiskeli mara mbili na bado akamaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma ya Pogačar aliyeshinda. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu.

Rangi zinachanganya, kwa sababu huku watu wanavaa jezi za nchi, si za klabu walizozizoea kwenye televisheni. Uholanzi ni rahisi, rangi ya chungwa. Italia na Ufaransa zote buluu, utakosea mara tatu kabla ya kuzoea. Orodha ya namba ichapishe nyumbani, karatasi haiishiwi chaji.

Chupa za maji wanazotupa, kama unazitaka, usizisubiri mlimani. Wana sehemu maalumu za kutupia taka, na anayetupa nje yake anatozwa faini, kwa hiyo simama pale penye alama. Mimi nilipata moja ya Ubelgiji, imepasuka.

Kiingilio hakuna, barabarani ni bure. Maji lita moja na nusu, kofia ya jua, na kitu cha kula ambacho hakidondoshi mchuzi. Mwavuli acha, au uwe tayari kuzomewa. Bendera ishike upande wako wa uzio, ikiingia kwenye spoku umemmaliza mtu.

Na kama hayo ya dunia yalikupita, Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuizunguka nchi, inakuja, kwa kawaida Februari, na mawe ya Kimihurura inayajua vizuri. Ukuta wangu sitautaja ni wa nyumba ipi.