Kukimbia Uluguru: mwalimu wangu alikuwa mama wa kabichi

Nimechoka kusikia watu wa jogging wakidanganya wenzao eti ukishaweza kilomita kumi za lami basi mlima ni mapafu tu. Mimi lami naiweza, niseme ukweli nisijifiche, Msamvu hadi Nanenane na kurudi walikuwa wachache sana wa kuniacha, lakini milima ya Uluguru hapa Morogoro ilinifanya nionekane sijawahi kuvaa raba maishani.

Njia yangu naanzia Boma, nashika ile barabara ya vumbi hadi Morningside kwenye jengo la kale la Wajerumani, na siku nikiwa na kibali nasogea mpaka kilele cha Bondwa kwenye minara ya mawasiliano. Mji wa Morogoro uko kwenye mita kama 500 hivi na Bondwa ni 2,120, sasa piga hesabu mwenyewe uone unapandisha kiasi gani.

Kwenye kikundi chetu kulikuwa na jamaa amejipa ukocha, sijui nani alimpa. Akasema mlimani usitembee hata hatua moja, ukitembea tu pumzi inakatika, halafu ununue raba zenye soli nene ya sponji, na asubuhi ule ushibe. Nikatii yote. Raba zilinitoka laki mbili na ushee, chapati na supu nikala, nikaondoka. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mwekundu ulikuwa umeshalainika.

Nyumba za mwisho za mjini sijaziacha mbali, chapati zote zikarudi nje. Nikajifuta nikaendelea kukimbia, maana kocha kasema nisitembee, huku mzee mmoja mwenye jembe begani ananipita anatembea zake tu taratibu, ananiambia "pole baba". Watoto wa shule wakanipita wanacheka. Morningside nikafika, sijui kwa nguvu za nani, na nikajua kazi imeisha kwa sababu kilichobaki ni mteremko.

Mteremko ndo ulinimaliza. Soli nene kwenye tope haishiki chochote, na mimi nilikuwa nakanyaga kwa kisigino najizuia, kila hatua breki, mapaja yanatetemeka kama mashine ya kusaga. Kwenye kona moja nikakata njia ya mkato, miguu ikaenda mbele mgongo ukabaki nyuma, nikashuka kwa makalio moja kwa moja hadi katikati ya tuta la kabichi la watu. Nikiwa bado nimekaa pale mwenye shamba akatokea, mama wa makamo, ana tenga limejaa tayari kwa kwenda sokoni Kingalu. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaangalia nilikotoka, akaangalia juu tena, akauliza kwa wasiwasi kabisa, "Nani anakukimbiza mwanangu?"

Nikamweleza ni mazoezi. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa ananionea huruma. Kabichi nilizovunja nikazilipia, akanipa nizibebe, tukashuka wote, yeye tenga kichwani na yeboyebo miguuni, mimi na raba zangu za laki mbili na kabichi kwapani, na nawaambia yule mama alikuwa ananiacha! Ikabidi anisubiri. Mwishowe akaniambia, "Unajizuia nini? Kunja magoti, piga hatua fupifupi, na usitazame miguu, tazama unakokwenda." Basi. Hakuna kocha aliyewahi kuniambia hivyo. Nikajaribu palepale, hatua fupi za harakaharaka, mguu unatua chini ya mwili badala ya kwenda mbele, macho hatua nne tano mbele, na tope likaanza kuniheshimu.

Tangu hapo nimebadilisha kila kitu. Kupanda, penye mwinuko mkali natembea, tena natembea kwa nguvu mikono nasukumia magoti, panapolegea nakimbia. Wanaonicheka nawakuta juu wamekaa kwenye jiwe. Zile raba nilimuuzia mtu wa lami kwa hasara, nikaenda mitumbani nikachambua nusu siku nikapata za soli yenye meno, elfu ishirini na kitu baada ya kupatana sana, na kamba naipitisha mpaka kile kitundu cha juu kabisa ambacho wengi hawakitumii, kisigino hakichezi na kucha haziwi nyeusi tena. Kucha zenyewe kata fupi lakini.

Chakula, kashata za karanga na ndizi mbivu, maji naweka chumvi kidogo sukari na limao. Vile vipaketi vya rojo la kutia nguvu wakimbiaji wanavyouza ghali sivitaki. Masika, yaani Machi mpaka Mei, njia za juu naziacha kabisa, utamu wake ni kuanzia Juni. Na ukipita Morningside kuelekea Bondwa unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia, kule lipia kibali na uende na mtu wa pale anayejua njia, ukungu ukishuka huoni hata mkono wako. Barabarani wapishe wenye mizigo, wao wako kazini wewe unacheza.

Kocha bado yupo, na juzi kaanza wimbo mpya eti mbio za milima ni za Wazungu. Nikamuuliza kama anamjua Simon Mtuy, Mtanzania aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21, vitu vyake kabeba mwenyewe. Akabadilisha mada.

Kuna wanaoniuliza kile kilele kingine cha Uluguru, Lupanga, vipi. Lupanga ni habari nyingine, kule unapanda msituni unashika mizizi kwa mikono, kukimbia hamna, mwenye hamu aende akapande kama watu wengine na arudi mapema.